Cherehani Iliponyamaza

Mchana ule fundi alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani na roho mkononi. Mama wa bibi harusi alikuwa amekwisha kutuma watu mara mbili kuulizia, na yule wa pili hakuuliza hata, alisema tu, "Nimeambiwa nikae hapa mpaka litoke." Ikabidi fundi ambembeleze, amwapie, amsindikize mpaka ngazini, ndipo akarudi, akafunga mlango kwa ufunguo na kuweka miguu juu ya kanyagio. Cherehani ikaanza kuimba. Lilikuwa limebaki pindo la chini tu, lakini pindo la gauni kama lile ni safari nzima.

Mlango ukagongwa.

Fundi alijua ni nani kabla hata ya kufikiri. Ghorofa ile ya tatu ilikuwa na milango miwili tu inayotazamana, na saa kama ile kwa kawaida watu wote wa jengo walikuwa makazini isipokuwa yeye na mwenzake wa mlango wa pili. Mwenzake huyo, nyuma ya mgongo wake, majirani walimwita Azima, maana hapakuwa na kitu asichokiazima: pasi, kibiriti, ungo, sindano, hata mwavuli siku ya jua. Na tatizo halikuwa kuazima. Tatizo ni kwamba akija kuazima kijiko alikaa, akaanza kusimulia, na mpaka anaondoka chai imepoa, kazi imelala, na kijiko chenyewe amekisahau mezani. Hakuwa mtu mbaya. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa maneno machache, na mama mkwe wake aliyeishi naye alikuwa amekwenda kukaa kwa bintiye wiki ile. Mtu akikosa wa kuzungumza naye ndani, atazungumza na jirani.

Lakini si leo, fundi alijiambia. Akaiondoa miguu yake kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Jirani!" Mlango ukagongwa tena. "Jirani, upo?"

Fundi akaweka kiganja juu ya gurudumu lisije likajizungusha lenyewe. Akabana pumzi kama mtoto anayecheza kujificha. Sauti ikaita mara ya tatu, na safari hii fundi alifumba macho, kana kwamba asipoona na yeye hataonekana. Kisha akasikia viatu vikiteremka ngazi kwa kasi. Akashusha pumzi. Alitabasamu kidogo hata, akarudi kwenye pindo lake.

Lilikuwa limebaki kama shubiri moja aliposikia vishindo ngazini, sauti za wanaume, mlango wa pili ukisukumwa ukapiga ukuta. Halafu kile kilio. Fundi aliwahi kusikia vilio vingi maishani mwake, na alijua tofauti ya kilio cha aliyeumia na kilio cha aliyefiwa.

Alimaliza pindo. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza kwa mtu yeyote, hata kwa mumewe. Mikono yake ilimaliza pindo, ikakata uzi, ikatundika gauni ukutani, ndipo miguu ikampeleka mlangoni.

Ngazi zilikuwa zimejaa watu waliotoka sijui wapi. Mume wa jirani, yule mpaka rangi, alikuwa ameanguka sebuleni akijiandaa kwenda kazini zamu ya mchana. Mkewe alikuwa amekimbilia barabarani kutafuta gari, na aliporudi na vijana wawili na dereva wa teksi walimkuta amekwisha kata roho, kichwa kikiwa chini ya meza, mkono mmoja umeshika mguu wa kiti.

Mama mmoja wa ghorofa ya chini akamgeukia fundi. "Na wewe ulikuwa wapi, fundi, mambo yote haya yanatokea mlangoni pako?"

"Sokoni," fundi akasema. "Ndiyo kwanza nimerudi."

Lilitoka lenyewe, jepesi, kama mtu anavyosema hajambo.

*

Mume wa fundi alikuwa mwalimu wa hesabu, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kwa-Hiyo. Hakuweza kumaliza jambo bila kulifikisha kwenye kwa hiyo. Nyumbani pia ilikuwa hivyo. Sukari ikiisha, alieleza ilivyotumika tangu ilipofunguliwa, kwa hiyo ni haki iwe imeisha. Mkewe alikuwa amemzoea, na kwa kweli alimpenda kwa hilo hilo. Mtu wa namna ile nyumbani ni kama kuwa na ukuta wa kuegemea.

Jioni ile, binti yao alipokuwa chumbani na vitabu vyake, fundi alimweleza yote. Kuhusu hodi, kuhusu cherehani, kuhusu sokoni. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Daktari kasemaje?"

"Anasema mshipa wa kichwani ulipasuka. Anasema hata angeangukia kwenye mlango wa hospitali asingepona."

"Haya. Wewe ulijua kwamba mtu ameanguka?"

"Sikujua."

"Ungejua, ungefungua?"

"Ningefungua! Unaniuliza swali gani hilo?"

"Nakuuliza swali lenye jibu. Hukujua, na hata ungejua usingeweza kumwokoa. Kwa hiyo hukumuua mtu. Ulikuwa na kazi, ukachoka na hodi za kuazimwa. Hakuna mtu katika jengo hili ambaye hajawahi kujifanya hayupo kwa yule mama. Mimi mwenyewe nimewahi kujificha jikoni."

"Lakini sauti yake..."

"Ilikuwaje?"

Fundi akajiuliza mwenyewe. Ilikuwaje? Ilikuwa sauti ya kuazima au sauti ya mtu anayeomba msaada? Aliisikia mara tatu, na sasa kila akiirudia kichwani ilikuja na sura tofauti.

"Sijui," akasema.

"Basi usichokijua hakihesabiki," mwalimu akasema kwa upole. "Na ukienda kumwambia leo, utampa nini? Utamwongezea msiba juu ya msiba. Atakuwa amempoteza mume, kisha ampoteze na jirani. Unyamaze. Msaidie kwa mikono yako. Hilo lina faida."

Fundi alizikagua hoja zile pande zote kama anavyokagua mshono, akakosa pa kuzifumulia. Kichwa chake kilikubali. Kifuani kulikuwa na kitu kinachokataa, lakini hakikuwa na maneno, na mbele ya mwalimu jambo lisilo na maneno halikuwa na pa kusimama.

*

Basi akasaidia. Hakuna aliyesaidia kama yeye. Aliosha masufuria ya msiba mpaka vidole vikakunjamana, akapokea wageni, akafua mashuka, akashona nguo nyeusi ya mjane na kukataa malipo. Waombolezaji wakawa wanamtazama na kunong'onezana. "Jirani ndiye huyu," walisema. "Ndugu wa damu hawafanyi hivi." Kila sifa ilimwingia kama sindano chini ya ukucha, naye aliinamisha kichwa, na wao wakaona ni unyenyekevu, wakamsifu zaidi.

Mama wa bibi harusi alikuja kuchukua gauni, akalisifia pindo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kushonesha kwake hakuomba kupunguziwa. Fundi alizipokea pesa zile, akaziweka kabatini chini ya vitambaa, akashindwa kuzitumia hata ya chumvi.

Siku moja, wageni wakiwa wamepungua, mjane na fundi walikuwa jikoni wakikausha vyombo. Mjane alikuwa amekonda usoni, na tangu siku ile maneno yake, yale mengi yote, yalikuwa yamemkauka. Ghafla akasema, bila kugeuka:

"Unajua, siku ile niligonga kwako."

Fundi akaendelea kufuta sahani ile ile.

"Niligonga, na nilisikia cherehani. Nilikuwa nimesikia hata kabla sijafika mlangoni. Nilipogonga ikanyamaza. Nikasema, Mungu mkubwa, yumo. Atakaa naye, mimi nikimbilie gari. Nikaita. Nikaita tena." Akaweka kikombe juu ya kingine. "Lakini wewe ulikuwa sokoni."

"Ndiyo," fundi akasema.

"Basi masikio yangu yalinidanganya. Mtu akipagawa husikia mengi. Ila kinachonitisha, jirani, ni kwamba bado ninaisikia. Naweza kuwa nimekaa tu, nikaisikia inakwenda, halafu inanyamaza. Huenda naanza kuchanganyikiwa. Wifi yangu anasema hivyo. Anasema natunga."

"Anasema unatunga nini?"

"Anasema nilimwacha kaka yake afe peke yake kama mnyama, halafu natunga cherehani ili nionekane nilitafuta watu." Hapo akageuka, akamtazama fundi kwa macho makavu. "Na kweli alikufa peke yake. Hilo sikulitunga."

Fundi aliomba ruhusa, akavuka kwenda kwake, akakaa juu ya kitanda na taulo la vyombo mkononi. Sasa ndipo kile kitu cha kifuani kilipopata maneno. Asingeokoka, sawa. Lakini mlango ungefunguliwa angekuwepo mtu wa kumshika mkono. Pengine mkewe mwenyewe angebaki naye, na fundi ndiye angekimbilia gari. Mwalimu alikuwa amehesabu kifo, akakihesabu sawasawa. Upweke wa yule mtu chini ya meza hakuuhesabu, wala haungeingia kwenye hesabu yoyote.

*

Wifi wa mjane alikuwa mwanamke mrefu, mwenye duka la vitambaa na sauti iliyozoea kuamuru. Alimpenda kaka yake kuliko kitu chochote, na huzuni yake ilikuwa imetafuta mtu wa kumwangukia ikampata. Aliamua kumchukua mama yake moja kwa moja. Bibi alikuwa ameishi na mkwe huyu muda mrefu, wakagombana na kupatana, wakazoeana kama pea ya viatu. Lakini sasa wifi alisema, "Aliyemwacha kaka yangu sakafuni, mama yangu atamwacha wapi?" Na Bibi mwenyewe, tangu arejeshwe kwenye msiba, alikuwa hali chakula kinachotoka mkononi mwa mkwe wake. Hakusema neno. Alisogeza sahani tu.

Alasiri moja wifi alikutana ngazini na fundi akipanda pamoja na binti yake aliyetoka shuleni. Akawazuia njia, si kwa ubaya.

"Fundi, samahani. Nimekuuliza mara moja, naomba uniwie radhi nikuulize tena, maana jambo hili linaninyima raha. Wifi yangu ameshikilia kwamba ulikuwemo ndani unashona."

"Nilikuwa sokoni, dada."

Wifi akatikisa kichwa polepole, akamgeukia msichana. Alikuwa mtoto wa kidato cha pili, mkimya, mwenye macho ya baba yake. "Na wewe, mwanangu? Siku ile mama yako alikuwa wapi?"

Msichana akamtazama mama yake mara moja tu. "Sokoni," akasema. "Nilikutana naye njiani. Alikuwa na kikapu, nikampokea."

"Haya basi," wifi akasema kwa uchovu. "Ahsante, mwanangu. Nilitaka kuwa na hakika." Akashuka zake, na visigino vyake vilisikika mpaka chini kabisa.

Walipoingia ndani, fundi alifunga mlango, akaegemea.

"Hukukutana na mimi njiani."

"Sikukutana na wewe," msichana akasema. Alikuwa anavua viatu vya shule, ameinama. "Nilipofika, gauni lilikuwa limetundikwa ukutani. Limekwisha. Asubuhi halikuwa limekwisha."

"Kwa nini ukasema vile?"

Msichana akainua uso, na ndani yake hapakuwa na lawama, na hilo lilikuwa baya zaidi. Palikuwa na mshangao wa mtoto aliyefanya alichodhani anatakiwa kufanya.

"Si wewe ulisema, mama?"

*

Mwalimu aliporudi, fundi hakungoja avue koti.

"Mtoto kadanganya kwa ajili yangu. Kaongeza na kikapu. Mimi sikuwahi kutaja kikapu."

Mwalimu alikaa kitini. Alikaa muda mrefu, akitazama mikono yake yenye vumbi la chaki. Mkewe alikuwa anangoja aseme kwa hiyo, na alikuwa amejiandaa kumkatalia, ila haikuja.

"Hilo sikulipigia hesabu," mwisho akasema.

"Jumamosi ndugu wanakuja kumchukua Bibi."

"Najua."

"Nitakwenda kusema."

"Watakuchukia. Yule dada atakutukana mbele za watu. Na mjane..." Akaacha. "Mjane hatapona kwa kuambiwa."

"Hatapona. Lakini atajua hana wazimu."

Mwalimu akasugua paji la uso. "Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze."

"Ulinishauri. Mdomo ulikuwa wangu."

"Hata hivyo," akasema, "nitakuja na wewe."

*

Jumamosi sebule ya mjane ilikuwa imejaa. Kulikuwa na wajomba wawili, wifi, mumewe, na Bibi kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu yake iliyovimba imewekwa juu ya kigoda. Mizigo yake ilikuwa imefungwa, imewekwa kando ya mlango: sanduku, blanketi, na fimbo. Mjane alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni nyumbani kwake.

Fundi aliingia na kuamkia. Mwalimu alibaki amesimama mlangoni. Wakamkaribisha kwa heshima. Mjomba mmoja alinyanyuka akampisha kiti na kusema, "Huyu ndiye yule jirani tuliyesikia sifa zake." Fundi hakukaa. Alijua akikaa hatainuka tena.

"Nimekuja kusema jambo," akasema. "Nikilizungusha nitalikimbia, kwa hiyo nitalisema hivi hivi. Siku ile nilikuwemo ndani. Sikwenda sokoni. Nilikuwa nashona, aligonga, nikainua mguu nikanyamaza ili adhani sipo. Aliita mara tatu. Niliyasikia yote. Sikufungua."

Nje, mtu alikuwa anaburuta kitu kizito uani.

"Baadaye nikadanganya. Nikawadanganya nyinyi, na mtoto wangu naye akadanganya kwa sababu yangu, msimshike yeye. Cherehani aliyoisikia ilikuwa cherehani yangu. Hakutunga."

Wifi alisimama taratibu. "Ulikuwa unashona," akasema. "Kaka yangu anakata roho hatua chache kutoka kwako, na wewe unashona."

"Ndiyo."

"Na ukaja ukatupikia. Ukatuoshea vyombo. Ukanipa pole kwa mdomo huo huo! Nikakushika kwa mkono wangu huu nikakuita dada!" Sauti ilimpasuka. Mumewe akamgusa bega, naye akautupa mkono ule. "Ulikuwa unatafuta nini kwetu? Tukusifu?"

"Sijui nilichokuwa natafuta," fundi akasema, na huo ulikuwa ukweli.

Mwalimu akakohoa mlangoni. "Mimi nilimshauri anyamaze," akasema. "Nilikuwa na sababu zangu. Nilidhani ni nzuri." Alitaka kuongeza jambo, mdomo ukacheza, lakini hakuongeza.

Wote wakamwangalia mjane. Alikuwa hajasogea. Alikuwa anamtazama fundi kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, na midomo yake ilikuwa inatikisika bila sauti. Kisha akasema, polepole sana, si kwa yeyote:

"Basi sina wazimu."

Akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kupanda na kushuka. Fundi alipiga hatua moja kumwendea. Mjane, bila kufunua uso, akasema, "Toka nyumbani kwangu."

Fundi akatoka. Akiwa mlangoni, sauti ya Bibi ilimsimamisha. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia tangu msiba.

"Fundi. Mke wa mwanangu aligonga?"

"Aligonga, Bibi."

"Aliita?"

"Aliita, Bibi. Sana."

Kikongwe akaegemea kiti, akatazama mizigo yake kando ya mlango. "Fungueni hilo sanduku," akawaambia waliokuwepo. "Mtoe nguo zangu mzirudishe mlikozitoa."

*

Habari ilishuka ngazi zote na kupanda tena kabla ya jioni. Wateja wengine waliacha kuja. Wengine walikuja na kumtetea, na hao ndio waliomchosha zaidi. "Kwani kosa lako nini hasa?" mama wa bibi harusi alimwambia, akijaribu sketi mbele ya kioo. "Mtu una kazi. Na yule mama na kuazima kwake, nani angejua?" Fundi alimwomba ainue mkono apimwe kiuno, akabadilisha mazungumzo. Alikuwa na hoja zile zile kichwani, zimepangwa vizuri kuliko za mama huyu, na hazikumfaa kitu.

Binti yao alikwenda kumwomba radhi wifi dukani kwake, yeye na baba yake. Walirudi na kimya, na kipande cha kitambaa ambacho wifi alimpa msichana bila kusema ni cha nini. Mwalimu alikuwa amepunguza maneno. Sukari ilipoisha alikwenda kununua.

Mjane hakuwa anamsalimu. Wakikutana ngazini alipita akitazama mbele. Fundi alianza kufagia mbele ya milango yote miwili, na kila alasiri aliacha sufuria ya chakula mbele ya mlango wa pili, imefunikwa vizuri. Kila asubuhi aliikuta mbele ya mlango wake, imefunikwa vilevile, chakula hakijaguswa. Aliendelea. Alijiambia ataendelea mpaka siku itakaporudi tupu.

Ni Bibi aliyemsimamisha. Alifungua mlango ghafla, amejishikiza kwenye fimbo, akamkuta fundi anainama kuweka sufuria.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hebu niambie, sufuria hizi unamletea nani?"

"Ninawaletea nyinyi, Bibi."

"Siyo. Unajiletea mwenyewe." Hakusema kwa ukali. "Kila siku mtoto wa watu anafungua mlango, anakuta sufuria, inabidi aamue upya kama atakusamehe au hapana. Kila siku. Amechoka. Usimpe kazi ya kukukataa, ana kazi nyingine."

"Sasa nifanye nini, Bibi?"

"Sijui. Wewe umezoea kufanya. Jaribu kukaa."

Fundi akaichukua sufuria yake. Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zile za masufuria. Alishona, alipika, alikaa. Hakukuwa na chochote cha kufanya na lile jambo, nalo lilikaa naye, likimtazama.

*

Mvua za kwanza zilipoanza, miguu ya Bibi ilizidi. Asubuhi moja fundi alitoka kwenda kununua uzi, akamkuta mjane ngazini na dereva wa teksi, wamemweka Bibi juu ya kiti cha jikoni na kumfunga kwa kanga kifuani asianguke. Walikuwa wamefika kwenye kona ya kwanza, wamekwama. Dereva alikuwa kijana mwembamba na mzigo ulikuwa unamshinda.

"Mnaniua kabla ya daktari," Bibi alikuwa anasema. "Niinueni au niacheni, msinining'inize kama nguo."

Mjane aliinua macho, akamwona fundi juu yake. Jasho lilikuwa linamtoka. Walitazamana. Kisha mjane akasema, kama mtu anayesema na kibarua yeyote:

"Shika mguu wa kiti huo. Ule wa ndani."

Fundi akashika. Wakateremka hatua kwa hatua, Bibi katikati akiwaongoza, akimlaumu huyu na kumwonya yule. Chini, walipomwingiza garini, fundi alirudi nyuma kupisha. "Kule nako kuna ngazi," mjane akasema, akiwa ameangalia pembeni. "Panda mbele."

Zahanati ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi la mbao kwenye ukumbi wenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, Bibi katikati juu ya kiti chake cha jikoni, amesinzia, kidevu kifuani. Watoto walikuwa wanalia huku na huku. Mjane alikuwa ameshika kadi ya Bibi kwa mikono miwili. Bila kugeuza uso, akasema:

"Nataka kukuuliza jambo. Na uniambie kweli, hata kama ni baya."

"Niulize."

"Sauti yangu siku ile. Ulipoisikia, ulijua?"

Fundi aliirudia ile sauti kichwani kwa mara ambayo haikuwa na idadi tena, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yale macho aliyoyafumba. Kwa nini aliyafumba? Mtu hafumbi macho kwa anayekuja kuazima kijiko. Au hufumba? Angeweza kusema hapana, na pengine ingekuwa kweli. Angeweza kusema ndiyo akaonekana amejitoa mzima mzima, na pengine hiyo nayo ingekuwa kweli, au ingekuwa sufuria nyingine tu.

"Sijui," akasema. "Naitafuta kila siku. Kuna siku naisikia ni ya kuazima. Kuna siku naisikia ni ya kuomba msaada, na nikajua, na nikanyamaza hivyo hivyo. Sijui ipi ni yenyewe. Na sidhani kama nitajua."

Mjane aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu, akimkagua uso kipande kwa kipande. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakumwagika.

"Huo ndio ukweli wote ulio nao?"

"Ndio wote."

Mjane akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo akaupima ulivyo. Mlangoni, muuguzi alitokea akaita jina la Bibi, akaliita tena kwa sauti ya juu. Kikongwe akashtuka, akauliza wamefika wapi.

"Tumeitwa, mama," mjane akasema. Akasimama, akainama upande wake wa kiti, akangoja mpaka fundi naye akainama upande wa pili. "Taratibu. Anaumia mguu wa kushoto. Haya, inua."

Wakainua.